Lenzi moja ya kila kitu: miaka miwili na 18-400 ndani ya Kruza

Simba dume alikuja akalala kwenye kivuli cha gari letu, ubavu kwenye tairi la mbele, upande wangu. Tulikuwa ndani ya kreta ya Ngorongoro, saa sita na nusu, jua la utosi. Pale chini miti ni ya kutafuta, kwa hiyo simba wa kule wameshazoea kugeuza magari kuwa miti. Wageni wangu walikuwa wamesimama kwenye paa la kufunua, kimya, hakuna hata anayekohoa. Mimi nipo kwenye usukani na kamera mapajani, imefungwa lenzi ya milimita 55-250, ya kuvuta vitu vya mbali. Nikachungulia dirishani. Nikaona sikio. Nikajivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa kiti cha pili, nikaona sikio na nusu ya jicho. Ile lenzi ndogo ya 18-55 ilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa chini ya lanchi boksi, na upepo ulikuwa unamwaga vumbi ndani kama mtu anapepeta unga. Kufungua kamera pale ni kuiua. Nikaacha. Mpaka leo nina picha ya sikio la simba, kali kweli kweli, unaweza kuhesabu kupe.

Nilianza kutafuta lenzi moja ya kila kitu jioni ile ile, tukiwa bado Karatu.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Arusha, na kamera si kazi yangu rasmi. Wageni wengi siku hizi wanakuja na simu tu, kwa hiyo safari ikiisha nawatumia picha nilizopiga, na bahshishi inajieleza yenyewe. Bodi ya kamera yangu ni Canon EOS 80D, ya sensa ndogo; sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Nasema hivyo mapema kwa sababu namba za lenzi bila kujua sensa zitakuchanganya. Kwenye Canon za sensa ndogo unazidisha kwa 1.6: lenzi ya 18-400 inaona kama 29-640 ya kamera ya fulu fremu, yenye sensa kubwa. Namba ndogo inaona pana, kijiji kizima. Namba kubwa inaona tundu la sindano.

Kwenye bodi kama yangu nilikuwa na ngazi nne za kuchagua: 18-135, 18-200, 18-300 na 18-400. Ya kwanza ni nyepesi na ni tamu kwa mjini, lakini kwenye kreta huruhusiwi kutoka barabarani, na faru akiamua kukaa mbali, 135 inakupa jiwe jeusi kwenye nyasi. 200 bado fupi. Kwa hiyo ugomvi ulibaki kati ya 300 na 400. Kampuni ya Tamron ndiyo iliyoitoa 18-400, mwaka 2017, na bei yake ya Marekani wakati huo ilikuwa dola 649. Ina gramu 700 na kidogo. Ukiiweka kwenye 80D unabeba karibu kilo moja na nusu, na jioni shingo inakukumbusha. Wenzangu wa Nikon za sensa ndogo wana 18-300 ya f/3.5-6.3 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia), gramu 550, na nakiri niliitamani kwa huo uzito. Wa Sony na Fujifilm wana 18-300 ya Tamron, ya 2021. Wale wa Sony za fulu fremu wana 28-200 ya Tamron inayoanzia f/2.8, lenzi nzuri sana ya kutembea nayo Zanzibar; ila 200 ya fulu fremu kwa chui aliye juu ya mti wa mbali, utampiga mti.

Kuipata ndiko kulikokuwa na sinema. Nilikwenda duka moja mjini, sitalitaja, nikakuta ipo, ya mkono wa pili, inang'aa kwa nje. Nikawasha tochi ya simu, nikaiweka nyuma ya lenzi, nikachungulia kutoka mbele. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe zimetambaa kama mizizi ya majani. Kuvu. Kijana akaniambia, "Kaka, hilo vumbi tu, haliji kwenye picha." Nikamrudishia kwa mikono miwili. Vumbi ndani ya lenzi ni kweli halisumbui sana, kila lenzi ya kuvuta iliyopita Serengeti ina vumbi. Kuvu ni mdudu mwingine, inakula mipako ya kioo na haiishi kwa kufutwa kwa nje.

Mwishowe niliinunua kwa dereva mwenzangu aliyekuwa anahamia kamera za kisasa zaidi, shilingi 950,000 pamoja na filta. Nilimsumbua kwa saa nzima pale karibu na Mnara wa Saa, na nakushauri usumbue hivyo hivyo. Zungusha pete ya kuvutia kutoka 18 mpaka 400 ukiwa umeisogeza sikioni: ukisikia mchanga unasagwa, muage mtu kwa heshima. Kisha tafuta ukuta wa matofali, simama sawasawa, piga kwa f/8, halafu ukuze kona zote nne kwenye skrini. Kona zote zikiwa laini kidogo, hiyo ndiyo hulka ya lenzi za aina hii. Kona moja tu ikiwa na ukungu na nyingine tatu safi, basi lenzi ilishaanguka na vioo vya ndani vimehama. Yule muuzaji alinitazama nikipiga ukuta wa benki, akasema, "Bwana, wewe unaoa au unanunua lenzi?"

Sasa kazi yenyewe.

Siku niliyoielewa lenzi hii haikuwa siku ya wanyama. Nilikuwa na familia Moshi, wanapumzika siku moja kabla ya kupanda ndege, nikawapeleka kijiji cha Materuni. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla mawingu hayajafunga, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi. Kwa 18 mlima ulikuwa kichuguu nyuma ya mabati ya nyumba. Kwa 100 hivi ukajaa fremu. Kwa 400 nikawa naona mipaka ya barafu na kivuli cha mwamba, vitu ambavyo ukiwa Moshi kwa macho huvioni. Dakika 40 baadaye tupo kwenye migomba: bibi mmoja anatwanga kahawa kwenye kinu na wageni wanaimba naye, chumba kidogo, moshi, nikarudi 18 wakaingia wote pamoja na kinu. Kisha tunda moja bivu la kahawa, jekundu, lina tone la maji. Lenzi hii inafokasi kutoka sentimita 45, na ukiwa umevuta mpaka 400 tunda linatoka kubwa mpaka unaliona lile tone. Kisha maporomoko. Sikufungua kamera hata mara moja tangu alfajiri mpaka chai ya jioni. Zamani siku kama ile ningebadilisha lenzi mara kumi, na mara tano ningechelewa.

Kuna mchezo mwingine ambao simu nyingi haziwezi. Kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, ukikaribia Boma Ng'ombe hali ya hewa ikiwa safi, simama pembeni uvute mpaka 200. Ule mlima ambao kwa macho uko mbali unakuja kukaa mgongoni mwa bajaji na mabango ya soda. Mlima haujasogea, umekata tu kipande chembamba cha picha, na vitu vya mbali na vya karibu vinaonekana vimebanana. Wageni wakiona picha hiyo wanadhani nimeichezea kwenye kompyuta.

Ila kuna mbega.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni jirani, tunakwenda na kurudi siku moja. Pale nyasi za Serengeti Ndogo, twiga wamesimama juani, lenzi ilikuwa raha tupu. Tukaingia msituni. Mbega wapo juu, weusi kwa weupe, chini ya majani mazito, na mwanga wa kule ni kama ndani ya kanisa. Ukivuta mpaka 400, tundu la lenzi haliwezi kufunguka zaidi ya f/6.3. Fanya hesabu na ile lenzi ya f/2.8 ya mpiga picha wa harusi: yake inaingiza mwanga mara 5 ya yangu. Mbega akaruka. Nilihitaji shata ya 1/500 ya sekunde angalau, kamera ikapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, mpaka 6400, fokasi ikaenda mbele ikarudi nyuma kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nilipata picha. Ile singa nyeupe ya mgongoni, ambayo ndiyo mbega mwenyewe, imekuwa uji. Chenga tupu. Mgeni mmoja alikuwa na 70-200 ya f/2.8, kilo moja na nusu lenzi peke yake, akapata kila unywele. Nilimpongeza, moyo unauma.

Hapo hakuna ujanja. Lenzi ya kuvuta mara 22 ni sufuria ya kupikia ugali, chai na pilau: vyote vitaiva, lakini usitegemee pilau ya harusini. Kwa 18 mistari iliyonyooka inapinda, nguzo za milango zinatoa tumbo. Matawi yaliyo mbele ya anga jeupe yanapata uzi wa zambarau pembeni. Hayo mawili nayaondoa kwenye kompyuta, hayaninyimi usingizi. Kinachonibana ni ukali wa mwisho wa mvuto. Kati ya 18 na 250 sina lawama. Kwa 400, tundu likiwa wazi kabisa, picha ni laini, ukibana mpaka f/8 inakaza, kwa hiyo kama mwanga upo nabana, na mara nyingi naishia 350 kwa hiari yangu. Wapenda ndege nao wajue jambo moja: kitu kikiwa karibu sana, lenzi za namna hii hazivuti kama namba inavyodai. Ndege aliyekuwa umbali wa mita tatu alitoka mdogo kwangu kuliko kwa jirani mwenye 400 ya kweli, tumekaa kiti kimoja.

Na usiilaumu lenzi kwa makosa ya hewa. Mchana wa Tarangire, tembo wa ng'ambo ya mto atatoka kama amepigwa chini ya maji. Hayo ni mazigazi, joto linapanda kutoka ardhini. Hata lenzi ya milioni 20 itapiga joto hilo hilo.

Kuhusu mtikisiko: kituliza mtikisiko kipo na kinasaidia, lakini hakimtulizi mgeni anayehama kiti. Nazima injini, naomba watu watulie, naweka lenzi juu ya kimfuko cha choroko dirishani. Choroko, si mchele, mchele unavutia panya kwenye gari. Nimejifunza.

Vumbi. Lenzi inayorefuka inavuta hewa kila unapoizungusha, kama pampu, na hewa ya barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti unaijua. Sensa yangu zamani ilikuwa na madoadoa, anga la kila picha lina nzi watano mahali palepale. Sasa naisafisha mara moja kwa msimu, kwa sababu lenzi haitoki. Naifuta shingo yake kwa brashi ya kupakia rangi kabla ya kuifupisha, siyo baada. Ukiifupisha na vumbi lake umelikaribisha ndani. Yangu pia, kwa kutumika kwake, inateleza yenyewe nikiiinamisha, na kufuli yake inashika kwenye 18 tu. Nimeivisha mpira mpana wa kufungia vifurushi. Haipendezi. Inafanya kazi.

Halafu jambo ambalo halipo kwenye karatasi ya lenzi. Ukiwa na 400 Jumamosi soko la Tengeru, utajaribiwa kumvuta mama wa ndizi kutoka ng'ambo ya barabara. Akikuona, na ataona, umeharibu siku yako na ya mgeni. Salimia, nunua ndizi, omba, piga kwa 35. Picha inakuja na meno.

Nani asiinunue? Mwenye bodi mbili. Bodi mbili za zamani, moja na 18-55 na nyingine na 55-250 yenye gramu 375 tu, zitakupa picha kali kuliko yangu na pengine kwa pesa kidogo. Anayepiga sherehe za usiku asiisogelee kabisa. Mimi mwenyewe nimeongeza ile 50 ya f/1.8, nyepesi kama yai, kwa ajili ya moto wa jioni kambini. Hiyo nabadilishia ndani ya hema, zipu imefungwa.

Mwezi uliopita nilikuwa kreta tena, tumeshuka kwa barabara ya Seneto. Simba hakuja garini safari hii. Alikuja mondo, mbali, masikio mawili juu ya nyasi, akaruka panya kama anaruka ukuta. Nilikuwa 400, f/6.3, saa tatu asubuhi, mwanga mzuri. Picha tisa, mbili zimeshika. Kabla sijaziangalia fisi akapita chini ya dirisha, nikarudisha mpaka 24 akaingia mzima na kivuli chake.

Lenzi inakaa kati ya viti viwili vya mbele, kwenye kikapu, imezungushiwa kitenge cha mke wangu, ambacho bado anakiulizia.