Parker GH ya 1897: chuma ni cha kale, kitako je?

Miezi minne iliyopita nilinunua bunduki ya marisaa ya mitutu miwili, Parker ya daraja la GH, katika duka la vitu vya kale lililoko mji mdogo wa Pennsylvania. Kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi katika kinga ya kifyatuo palikuwa pameandikwa kwamba kila kipande chake ni cha asili, na tathmini hii inahusu zaidi maneno hayo machache. Mimi si mwindaji. Ni seremala niliyejifunza kazi Unguja kwa kutengeneza masanduku na milango, na hapa Marekani kazi yangu ni kurekebisha samani za zamani, kwa hiyo kilichonivuta dukani kilikuwa mbao.

Chuma hakikunipa shida. Parker Brothers walikuwa na kiwanda Meriden, katika jimbo la Connecticut, na waliunda bunduki za marisaa tangu miaka ya 1860 mpaka kampuni iliponunuliwa na Remington mwaka 1934. G ilikuwa miongoni mwa madaraja yao ya bei ya wastani, nayo huthibitishwa na tarakimu 2 iliyopigwa kwenye uso bapa wa mtambo (chuma cha katikati chenye vifaa vya kufyatulia) ambao mitutu huulalia. H inaonyesha kwamba bunduki haina nyundo za nje. Namba ya bunduki nimeikuta kwenye mtambo, kwenye mitutu, kwenye chuma cha kishikio cha mbele na kwenye mkia wa kinga ya kifyatuo, yaani ulimi wa chuma unaolala kwenye mbao ya shingo, nayo ni ileile kote, ya mwaka 1897. Sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu silaha iliyoundwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, ingawa majimbo yana masharti yao. Mitutu ni ya Damascus, yaani ya nyuzi za chuma na feleji zilizosokotwa na kufuliwa pamoja, na mawimbi yake bado yanasomeka vizuri. Sijaifyatua wala sikusudii, maana mitutu ya namna hiyo haikuundwa kwa ajili ya risasi za leo.

Tatizo ni kwamba namba zote hizo huongelea chuma peke yake. Kitako cha bunduki hubadilishwa mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na anayejua mbao hatashangaa: shingo ya kitako ndipo mahali pembamba kabisa, tena pamechimbwa juu na chini ili mikia ya mtambo ikae, na hapohapo ndipo nguvu yote ya mshindo hupita. Bunduki ikianguka ubavu, shingo hupasuka. Ikiwekwa wima kwa miaka mingi, mafuta ya mtambo hushuka na kuingia kwenye kichwa cha kitako hadi mbao zinalainika kama mbao zilizokaa chini ya bomba linalovuja. Kukuta kitako cha kwanza kwenye bunduki ya umri huu kunawezekana, lakini muuzaji anayedai hivyo anapaswa kuwa amefungua na kutazama ndani.

Huyu hakuwa amefungua. Nilipomuuliza ana hakika gani, alinionyesha weusi wa mbao, makovu madogomadogo na nakshi ya miraba iliyolika shingoni. Nilinyamaza kwa adabu, kwa sababu katika mitaa ya Mji Mkongwe nimewahi kuona sanduku lililogongwa misumari yake ya mwisho Jumatatu likiuzwa Ijumaa kama mali ya babu, baada ya kupakwa chai nzito, kusuguliwa kwa rangi ya viatu, kuanikwa juani na kupigwa mnyororo kidogo. Weusi na makovu hununuliwa kwa bei rahisi. Kinachoeleza umri ni mahali uchakavu ulipokaa na mahali ulipokosekana.

Nakshi ya miraba ndiyo iliyonitia shaka kwanza. Kwenye kishikio cha mbele miraba imelala kabisa pale kiganja cha kushoto kinapopita, na pembeni, karibu na mitutu, bado ni mikali. Hivyo ndivyo mkono wa mtu unavyokula mbao. Shingoni, miraba imelika sawasawa kila mahali, hata kwenye kona ambazo hakuna kidole kinachofika, jambo ambalo ni kazi ya brashi ngumu au msasa. Nilichukua rula nikahesabu: mbele kuna mistari 18 kwa inchi moja, shingoni kuna 22. Sijui sababu yoyote ya fundi mmoja kuchonga bunduki moja kwa vipimo viwili. Isitoshe, mbao ya mjozi ya mbele ina vinyweleo vipana na rangi ya zambarau iliyofifia, ilhali ya kitako ni laini zaidi na ina mistari ya rangi ya asali. Tofauti ya namna hiyo peke yake isingenitosha, maana hata mafundi wa zamani hawakupata kila mara vipande viwili kutoka gogo moja.

Kuhusu mpaka wa mbao na chuma, watu wengi hukosea kwa kusifu kitako kilicholingana na chuma kama kioo. Kitako kilichotoka kiwandani kwa kawaida huachwa kimeinuka kidogo tu juu ya chuma, kiasi cha kuhisiwa kwa ukucha, ili kibaki na akiba ya kusafishwa siku za baadaye. Kikiwa chini ya chuma, kimepigwa msasa kupita kiasi. Hiki changu kimelingana kabisa, na huenda ni dalili ya msasa au ya fundi mwingine, kwa hiyo nilikiandika kama shaka tu nikaendelea.

Nyumbani nilifungua bamba la kitako, yaani kifuniko cha mwisho wa kitako kinachokaa begani, lile la mpira mgumu lenye kichwa cha mbwa ambalo wapenzi wa Parker hulitambua hata gizani. Skrubu zake zina vichwa vya msalaba, na skrubu za namna hiyo hazikuingia viwandani kabla ya miaka ya 1930. Mtu anaweza kusema kwamba skrubu za zamani zilipotea zikawekwa nyingine, na mabamba ya kuigiza nayo yanauzwa, hivyo bamba peke yake halimhukumu mtu. Lakini nilipotazama mbao iliyokuwa chini yake, nilikuta matundu mawili tu, safi, bila kigingi cha kuziba wala alama ya tundu la awali. Mbao hiyo haijawahi kujua skrubu nyingine. Kama ingekuwa imetoka Meriden mwaka 1897, ingebeba mahali fulani kumbukumbu ya skrubu zake za kwanza, kwa sababu skrubu mpya haifuati tundu la zamani kwa usafi wa namna ile baada ya zaidi ya miaka thelathini.

Kutoa kitako chote kwenye mtambo sikuthubutu mwenyewe, na ninamshauri kila msomaji asithubutu, maana mifereji ya skrubu za Parker ni myembamba na bisibisi ya kawaida huichana, na skrubu iliyochanwa hupunguza thamani kuliko kitako kilichobadilishwa. Nilimlipa fundi bunduki. Alipokitenganisha, alinipa nitazame kwa tochi. Katika viwanda vingi vya zamani namba ya bunduki ilipigwa pia kwenye mbao, mahali pasipoonekana, kama vile chini ya mkia wa kinga ya kifyatuo. Hapa hapakuwa na namba. Fundi alikumbusha, na alisema kweli, kwamba namba huweza kufutika mbao ikichongwa upya wakati wa matengenezo, kwa hiyo kukosekana kwake si hukumu. Kilichonishawishi zaidi kilikuwa mafuta. Ndani ya tundu la skrubu la kishikio cha mbele, mbao ni nyeusi hadi ndani kabisa. Ndani ya kichwa cha kitako, mahali ambapo mafuta ndiyo huzidi, weusi umeishia kwenye ngozi, na chini yake mjozi una rangi yake ya asili. Yalibaki pia masizi kwenye pembe za mchimbo. Kila seremala aliyewahi kukutanisha bawaba na mlango anajua maana yake: unapaka chuma masizi, unakibandika, unakibandua, kisha unachonga pale palipochafuka. Aliyefanya kazi hiyo hapa aliifanya kwa subira kubwa, na ninampa heshima yake.

Kisha tukageukia mkia wa kinga ya kifyatuo. Kwa sasa shingo ya bunduki imepinda kama mpini wa bastola na mkia umeufuata mpindo huo, lakini kwenye mkunjo mistari ya michoro imetanuka na kuna vikovu vya nyundo vilivyong'arishwa baadaye. Mkia ulikuwa umenyooka, ukakunjwa.

Hapo ndipo nilipoandikia Parker Gun Collectors Association, chama cha wakusanyaji wa bunduki za Parker, ambao hutoa barua zinazotokana na madaftari ya kiwanda yaliyosalimika. Si kila namba ina kumbukumbu, lakini yangu ilikuwamo. Barua inasema bunduki iliagizwa ikiwa na shingo iliyonyooka, urefu wa kitako inchi 14 na mteremko wa inchi 3 kisiginoni, yaani kiasi ambacho ncha ya juu ya nyuma ya kitako imeshuka chini ya usawa wa mitutu. Bunduki niliyo nayo ina shingo iliyopinda na mteremko wa inchi 2 na robo. Wapigaji wa karne ya kumi na tisa walishika bunduki huku kichwa kikiwa kimeinuliwa, na ndiyo maana vitako vyao viliteremka sana. Mteremko mdogo ni upendeleo wa watu waliokuja nyuma yao. Barua ilinigharimu kidogo kuliko fundi, na laiti ningeianza yenyewe.

Je, ni bunduki mbaya? Hapana. Niliwahi kuona Tabora gobori lenye kitako cha mninga kilichochongwa na jirani wa mwenye gobori, na hakuna aliyeambiwa kwamba kilitoka Ulaya. Kitako cha bunduki hii kimechongwa na mtu aliyejua kazi, kinashika chuma vizuri kuliko vitako vingi vya asili nilivyoona, na kama kingeuzwa kwa jina lake nisingekuwa na neno. Kwa mtu anayetaka kitu cha kutundika na kukitazama, ningempa bunduki hii nyota nne bila kusita. Kwa mkusanyaji wa Parker anayetafuta kila kipande cha kiwandani, haifai, na asiinunue hata akipunguziwa sana, kwa kuwa siku ya kuuza atakutana na mnunuzi mwenye rula.

Duka ninalipa nyota mbili. Waliomba dola 1,400, wakanipunguzia hadi 1,150, na nilipowarudia na barua mkononi walikubali, baada ya mabishano ya nusu saa, kunirudishia dola 250. Hilo ni jambo la haki na ninalihesabu. Ila mwezi uliopita nilipita tena nikakuta bunduki tatu za mitutu miwili ukutani, na zote zilikuwa na kikaratasi kilekile, kwa mwandiko uleule, kwamba kila kipande ni cha asili. Niliomba kufungua bamba la kitako la mojawapo. Nikaambiwa skrubu zimeshika kutu.