Wakala Aliyeijua Nairobi Kuliko Paris: Tathmini ya Safari ya Wanafunzi 18

Mwezi wa Aprili mwaka 2025, mwenzangu mmoja nami tuliwasindikiza wanafunzi 18 wa kidato cha pili na cha tatu, wote wakisoma Kifaransa katika shule moja ya hapa Nairobi, kwenda Paris kwa siku nane. Safari iliandaliwa na wakala wa usafiri mwenye ofisi katikati ya jiji, ambaye sitamtaja kwa jina, na kila mzazi alilipa shilingi 385,000 kwa awamu tatu. Kwa kuwa walimu wengi wa lugha hutembelewa na mawakala wa aina hii, wakija na vijitabu vyenye picha ya Mnara wa Eiffel kwenye jalada, nimeona niandike kwa kina tulichopata kwa fedha hizo. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kazi iliyofanyika Nairobi, wakala huyu alistahili kila senti, lakini kwa kazi iliyofanyika Paris ningemlipa nusu, na hata hiyo nusu ningeitoa shingo upande.

Nianze na sifa, kwa maana ni za haki. Mtu ambaye hajawahi kuombea watoto viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, hajui ugumu wake. Kila mwombaji anatakiwa awe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, ada ya viza ni euro 90 kwa yeyote aliyetimiza miaka 12, alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana, na mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kuondoka bila idhini ya wazazi iliyothibitishwa na wakili. Zidisha hayo yote kwa watoto 18, baadhi yao wakiwa na baba aliyeko Mombasa na mama aliyeko Eldoret, nawe utaelewa kwa nini nilianza kupoteza usingizi mwezi wa Januari.

Afisa aliyeshughulikia faili zetu, dada mtulivu mwenye kalamu nyekundu, alizipitia karatasi moja baada ya nyingine huku nimeketi mbele yake. Katika faili la nane alisimama. Jina la katikati la mwanafunzi mmoja liliandikwa «Wanjiku» kwenye pasipoti na «Wanjiko» kwenye cheti cha kuzaliwa, na hiyo herufi moja ilikuwa imetupita mimi, mzazi, na mwalimu mkuu aliyetia sahihi. «Mwalimu, hii ingeturudisha nyuma wiki mbili,» alisema bila kuinua macho, kisha akaandika kwenye kipande cha karatasi hati ya kiapo inayohitajika, wakili aliye karibu na ada yake. Alitupangia siku ya alama za vidole ili watoto wasikose mitihani ya mwisho wa muhula, akatukumbusha kwa ujumbe wa simu kila hatua, na viza zote 20 zikatoka. Hakuna mzazi aliyelazimika kupanga foleni mahali popote zaidi ya mara moja.

Kisha tukafika Paris, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba ratiba yetu iliandikwa na mtu anayeijua Paris kwa picha.

Hoteli ilikuwa safi, lakini haikuwa Paris. Ilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, ambao uko takriban kilomita 25 kutoka katikati ya jiji. Ni sawa na kumwahidi mgeni hoteli ya Nairobi kisha umlaze Kitengela: hujamdanganya kabisa, lakini kila asubuhi atakukumbuka kwa ubaya. Tulitegemea basi la kukodi, na basi lilitegemea foleni. Siku ya kwanza tulikaa barabarani zaidi ya saa moja na nusu, mwongoza watalii akisema kwa kipaza sauti kwamba kulia kuna hiki na kushoto kuna kile, wakati kulia na kushoto kulikuwa na malori tu. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba foleni angeweza kuiona Mombasa Road bila viza.

Chakula nacho kilifuata mtindo uleule. Fomu tulizojaza Nairobi ziliuliza kwa uangalifu nani hali nini, na wanafunzi wangu watano Waislamu walijibu. Jumatatu usiku sahani 20 zililetwa mezani, na zote zilikuwa na vipande vya nyama ya nguruwe vilivyokunjwa vizuri kando ya viazi. Orodha, tuliambiwa, haikuwa imetumwa jikoni. Watano hao walikula mkate na jibini usiku ule, na kuanzia kesho yake mwenzangu aliwapeleka mkahawa wa Watunisia jirani na hoteli, ambako kuskusi ilipakuliwa kwa ukarimu kiasi kwamba kufikia Jumatano nusu ya kundi lilikuwa limegundua kuwa nalo lina masharti ya chakula.

Kosa kubwa zaidi lilitokea Jumanne. Ratiba ilisema «saa nne asubuhi: Jumba la Makumbusho la Louvre», nasi saa nne kamili tulikuwa uani, mbele ya piramidi ya kioo iliyobuniwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 1989. Milango ilikuwa imefungwa. Louvre hufungwa kila Jumanne, jambo ambalo limeandikwa kwenye tovuti yake na ambalo, nakiri, nami nilipaswa kulithibitisha mapema, ila nilikuwa nimelipia mtu wa kunithibitishia. Watoto walipiga picha za piramidi kutoka pande zote nne huku mwongozaji akipiga simu, na hatimaye tukapata nafasi za Jumatano jioni, siku ambayo jumba huwa wazi hadi saa tatu usiku. Gharama ya marekebisho hayo ilikuwa ziara ya kasri la Versailles, ambayo ilifutwa.

Wakati wa kuhifadhi nafasi hizo ndipo nilipotambua jambo jingine, na hili naomba kila mwalimu alisome mara mbili. Katika mchanganuo wa gharama tuliopewa, kila mwanafunzi alilipa shilingi 21,000 za viingilio. Lakini Louvre haimtozi kiingilio mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, awe raia wa nchi yoyote. Tao la Ushindi, lile Napoleon aliloagiza mwaka 1806 na kukamilika mwaka 1836, nalo ni bure kwa umri huo, na kuingia kanisa la Notre-Dame ni bure kwa wote. Mahali pekee pa maana katika ratiba yetu palipomtoza mtoto ni Mnara wa Eiffel na mashua ya mto Seine. Hata nikiongeza gharama ya kuhifadhi nafasi za kundi, sioni zile 21,000 ziliendea wapi.

Louvre yenyewe, tulipoingia, ilinyamazisha malalamiko kwa saa tatu. Kila mtu alikimbilia Mona Lisa, na kila mtu aliduwaa kwa udogo wake: sentimita 77 kwa 53, ndogo kuliko ramani ya Kenya iliyoko ukutani darasani kwetu, ikiwa nyuma ya kioo na mbele ya umati ulioinua simu. Niliwasimulia jinsi mchoro huo ulivyoibwa mwaka 1911 na mtu aliyewahi kufanya kazi humohumo ndani, ukapatikana miaka miwili baadaye nchini Italia. Walisikiliza kwa adabu. Lakini mmoja wao, mpole asiyesema sana darasani, aliugeukia ukuta wa pili na kuniita. «Mwalimu, hii si harusi ya Kana?» Ndiyo, ilikuwa harusi ya Kana, kazi ya Veronese, yenye upana wa karibu mita 10, mchoro mkubwa kuliko yote katika jumba hilo, na ukumbi mzima uliupa mgongo. Tulikaa mbele yake karibu dakika 20. Waliitafuta ile mitungi ya maji waliyoifahamu kutoka somo la dini, wakambaini mtu anayemimina divai, wakabishana kama yule aliyeketi kona ya kushoto ndiye bwana harusi. Mwongozaji wetu alikuwa ametenga dakika 40 kwa jumba zima, akawa anatazama saa yake. Nilimwomba atusubiri nje.

Sasa nifike Alhamisi, siku ya Mnara wa Eiffel, ambayo inaeleza tatizo la wakala huyu kuliko nyingine. Alasiri ilikwenda vizuri. Tulipanda kwa miguu, ngazi 674 hadi ghorofa ya pili, na nawashauri wote wenye afya wafanye hivyo badala ya kusubiri lifti, kwa kuwa ni ngazini ndipo unapoona jinsi vyuma vilivyounganishwa kwa riveti, yaani misumari minene ya chuma, milioni 2.5 kwa jumla, kazi iliyoanza mwaka 1887 na kuisha mwaka 1889. Niliwaambia watoto kwamba mnara huu unaizidi Nairobi umri kwa miaka 10, kwa maana mji wetu ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na kwamba pale tulipokuwa tumesimama, mita 115 hivi kutoka ardhini, tulikuwa juu kidogo ya kilele cha KICC, lile jengo refu la mikutano la Nairobi. Hilo la KICC liliwagusa kuliko takwimu zote za riveti.

Ratiba ilisema: «saa 1:30 jioni, taa za Mnara usiku, saa 2:00, kurudi hotelini.» Yeyote aliyeandika sentensi hiyo alikuwa ameketi Nairobi, ambako saa moja na nusu giza limeshaingia mwaka mzima, Januari kama Julai. Mjini Paris, katikati ya Aprili, jua huzama karibu saa tatu kasorobo usiku. Saa moja na nusu ilitukuta uwanjani katika mwanga mweupe wa jioni, mnara ukiwa wa kahawia na bila taa hata moja. «Mwalimu, jua la huku halina kwao?» aliuliza mwanafunzi mmoja. Dereva hakuweza kusubiri, kwani saa zake za kazi zilikuwa zinaisha, na sheria za Ulaya hazina mchezo katika jambo hilo. Ilibidi nichague.

Niliruhusu basi liondoke na mwongozaji wake. Tulivuka daraja la Iéna, tukapanda hadi Trocadéro, uwanja ulio ng'ambo ya mto, tukaketi kwenye ngazi tukiwa na mikate mirefu, maziwa na ndizi, huku masweta ya shule yakishindwa na upepo. Saa nne kamili usiku taa 20,000 zilianza kumetameta, zikaendelea kwa dakika tano, na sijawahi kuwasikia wanafunzi wangu wakikaa kimya kwa muda mrefu hivyo. Kisha tukashika treni ya Metro, mstari wa 6, ambayo hutoka ardhini kwenye kituo cha Passy, kisha huvuka mto Seine juu ya daraja, na kwa sekunde kadhaa mnara wote ukajaa katika madirisha ya kushoto. Hakuna kiti cha basi lolote la kitalii kinachotoa mandhari hayo. Nauli hadi uwanja wa ndege wakati huo ilikuwa euro 13 kwa mtu mmoja, hivyo euro 260, karibu shilingi 37,000, zilitoka mfukoni mwetu kwa sababu hoteli ilikuwa mbali, na tulilala kupita saa sita. Wazazi wawili walinilaumu kwa kuwachelewesha watoto, na lawama hiyo naipokea.

Ndani ya treni hiyo, mama mmoja aliyejifunga leso alitusikiliza kwa vituo viwili kabla ya kuuliza, kwa lafudhi ya Kingazija cha visiwani Komoro, «Wanangu, mmetoka wapi?» Shikamoo zilizomiminika pale sijapata kuzisikia nikiingia darasani.

Notre-Dame tuliiona Ijumaa. Kanisa hilo, lililoanza kujengwa mwaka 1163 na kuungua tarehe 15 Aprili 2019, lilifunguliwa tena Desemba 2024, na ndani mawe yake sasa ni meupe kana kwamba yamechongwa jana. Mashua ya Seine ilikuwa nzuri na baridi. Kuhusu maduka ya zawadi, ambako ratiba ilitenga muda mwingi kuliko Notre-Dame, sina la kusema.

Kwa upande wa lugha, ambayo ndiyo iliyotupeleka, mwongozaji aliyekuwa akituagizia kila kitu kwa Kifaransa chake alikuwa kikwazo kuliko msaada. Wanafunzi walijifunza zaidi katika duka la mikate lililo karibu na hoteli. Siku ya kwanza mmoja wao aliomba mkate bila kusalimia, akahudumiwa kwa uso mkavu. Kesho yake aliingia na «bonjour, madame», akapewa tabasamu, na akasahihishwa matamshi bila malipo.

Tuliporudi niliandika barua ya madai yenye kurasa tatu pamoja na risiti. Wakala alijibu baada ya mwezi mmoja, akarudisha nauli ya treni na shilingi 9,000 za viingilio kwa kila mwanafunzi. Kuhusu hoteli alieleza kwamba mkataba ulisema «eneo la Paris», na nilipousoma tena nikaona kweli umesema hivyo. Mwaka huu nimewaandikia kuomba bei ya viza, bima na tiketi za ndege pekee, kwa kuwa kwa kazi hiyo sijaona anayewazidi. Hoteli ya ndani ya jiji na pasi za Metro nitazitafuta mwenyewe. Dada wa kalamu nyekundu alijibu siku hiyohiyo, kwa adabu na kwa ukamilifu. Mwishoni mwa barua pepe aliambatisha, bila kuombwa, ratiba mpya ya Paris. Louvre bado ni Jumanne.