Uzoefu wangu na Flutter: namba ya toleo ilivyonitoa jasho

Programu yangu ni moja tu, daftari la madeni la akina mama wanaouza samaki Dunga na soko la Kibuye hapa Kisumu. Nimeijenga kwa Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, na kwa jumla sina kinyongo na chombo hiki. Nataka kusema kuhusu kitu kidogo ambacho hukishughulikii mpaka usiku wa kupeleka programu Play Store: namba ya toleo.

Flutter inaiweka kwenye mstari mmoja, ndani ya faili la mipangilio liitwalo pubspec.yaml. Wangu ulisomeka version: 1.3.0+7. Kilicho kabla ya alama ya kujumlisha ni cha macho ya mteja. Kilicho baada yake ndicho Android inachokisoma, na hapo hakuna mzaha: iwe namba nzima, na kila toleo jipya lizidi lililotangulia. Unabadilisha mahali pamoja, basi. Kwa hilo naipa alama zote.

Shida ni kwamba nilikuwa nimejitegea mtego mwenyewe. Zamani, nikifuatisha somo la video, niliandika versionCode 7 (versionCode ndilo jina la ile namba inayosomwa na Android) kwa mkono ndani ya android/app/build.gradle, faili la Gradle, zana inayojenga upande wa Android, nikasahau. Siku nilipoweka 1.4.0+8 na kupakia, nikajibiwa kwamba namba 7 imeshatumika, nitafute nyingine. Saba ya wapi, na mimi nimeandika nane? Nikadhani ni masalia ya ujenzi wa nyuma. Nikapiga flutter clean, amri ya kufuta masalia hayo, nikajenga tena, nikapakia tena. Mara tatu, kwa bando langu, na mara ya tatu stima ikapotea faili likiwa nusu njia. Kumbe pubspec ilikuwa inasema nane na Gradle inashikilia saba yake. Nilifuta ile saba, nikaweka flutter.versionCode ili Gradle ichukue namba ya pubspec, mambo yakaenda.

(Ujue pia kwamba namba ikishapakiwa haikurudii, hata ukifuta rasimu kabla ya kuichapisha. Usizichezee.)

Nikalala nikijua nimemaliza. Asubuhi nikawatumia akina mama wa majaribio APK, yaani faili la kusakinisha programu, kwa WhatsApp kama kawaida. Saa nne simu ikalia, ni mama mmoja wa Dunga.

“Nyathina, hii kitu yako imekataa. Inasema programu haijasakinishwa.”

“Mama, jaribu tena, labda haikushuka yote.”

“Nimejaribu mara ngapi? Na usiniambie nifute ile ya zamani. Madeni yangu yamo humo.”

Na alikuwa sahihi, madeni yanakaa ndani ya simu yenyewe, hayaendi popote. Kufuta programu ni kuwasamehe wateja wote kwa mkupuo.

Nilipanda boda mpaka Dunga na laptopu mgongoni. Nikaunganisha simu yake kwa waya kwenye meza ya kupimia mbuta, harufu na magamba na yote, nikasakinisha kwa adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta. Sasa jibu likaja wazi: INSTALL_FAILED_VERSION_DOWNGRADE. Yaani simu inaona ninairudisha programu kwenye toleo la nyuma. Nikaiuliza ina namba gani kwa adb shell dumpsys package. Ikajibu 2007.

Elfu mbili na saba! Hiyo sikuwahi kuiandika popote. Maelezo yake ni haya: matoleo ya nyuma nilikuwa nikiyajenga kwa --split-per-abi, ili kila simu ipate faili jepesi linaloifaa. Ukitumia njia hiyo, Flutter inaongeza elfu kwenye namba yako kulingana na aina ya prosesa: 1000 kwa prosesa za ARM za biti 32, 2000 kwa arm64 (ARM za biti 64), 4000 kwa x86_64 (za aina ya Intel). Kwa hiyo saba yangu ikawa 2007 kwenye simu ya mama. Usiku ule, kwa uchovu, nilisahau kuandika hiyo --split-per-abi, likatoka faili moja la simu zote lenye namba 8 tupu. Nane mbele ya elfu mbili na saba ni kama mtoto wa chekechea.

Dawa yangu ilikuwa kuruka juu ya zote: 1.4.1+5001. Kabla ya kutuma faili lolote sasa nalipima kwa aapt dump badging, amri ya kusoma taarifa za APK, sekunde mbili tu, naona namba halisi iliyomo. Rafiki yangu wa Nakuru anatumia tarehe na namba mbili za mwisho, mfano 2025031201. Inakubalika, kwa kuwa kikomo cha Play ni 2100000000, lakini ukishapanda huko hushuki, na ukiongeza tarakimu moja tu umepita. Mimi sina ujasiri huo.

Flutter naipa nyota nne. Ningependa iniambie kwa sauti, mwisho wa ujenzi, namba iliyoingia kweli kwenye faili, badala ya kuniacha niitafute kwenye meza ya samaki.

Toleo jipya lilikubali papo hapo. Mama hakunitazama hata, alishuka moja kwa moja kwenye orodha kwa kidole chenye magamba mpaka jina alilokuwa akilitafuta.

“Huyu wa mia nane bado yumo,” akasema, akairudisha simu kwenye kanga.