TAHADHARI: Tapeli anayeuza "paketi" za visiwa vya Mbudya na Bongoyo

Ndugu zangu wa Dar, na nyie mnaokuja kutembea msimu huu wa sikukuu, someni hapa kabla hamjamtumia mtu hela ya kisiwani.

Kuna mtu anajiita mratibu wa safari, anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza "paketi kamili" ya Mbudya: boti, kiingilio, msosi na miwani ya kuogelea, vyote kwa 35,000. Anataka hela yote mapema, na namba anayotoa inasoma jina la mtu binafsi. Mama mdogo na wenzake wa kikoba wakamlipa. Siku ya safari wamefika Kunduchi asubuhi na mapema na mabegi yao, simu yake inaita tu haipokelewi. Jua limeshakuwa kali ndipo akatokea kijana mwingine kabisa na boti ya uvuvi, maji yanacheza chini, jaketi okozi hazifiki hata nusu ya watu. Mama mdogo akagoma kupanda. Alifanya jambo la maana sana, maana ulikuwa msimu wa upepo wa kusi na bahari imechafuka.

Waliopanda walifika salama, Mungu mkubwa. Ila nahodha akatupa nanga juu ya matumbawe, na walipoulizwa risiti za kiingilio wakaonyesha zile alizowatumia tapeli, wakaambiwa hazitambuliki. Ikabidi walipe upya, na chakula hakikuwepo.

Nimeziona hizo risiti kwenye simu ya mama mdogo. Nembo ya taifa imekatwa sehemu ikabandikwa, ina ukungu, na neno "Tengefu" limeandikwa "Tengevu". Kibaya zaidi, kundi zima wana risiti zenye namba ile ile moja. Watu wazima wamedunduliza hela zao za wiki, halafu mtu anawafanyia hivi. Imeniuma sana.

Sasa jueni hivi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, yaani yaliyotengwa yalindwe, tangu 1975, na yako chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kiingilio ni hela ya serikali. Inalipwa kwa kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, na ukiiingiza kwenye simu usome jina la anayelipwa kabla hujabonyeza kukubali. Likitokea jina la mtu, acha hapo hapo. Nauli ya boti ni kitu kingine, hiyo unapatana na mwenye boti ufukweni, ukiwa umeiona boti yenyewe na kila mtu ameshavaa jaketi.

Matangazo yake nayo yanamuumbua. Ameweka picha za nyumba za kifahari zimejengwa juu ya maji. Mbudya hakuna hoteli, kuna mabanda ya makuti, mibuyu na mchanga. Anaahidi pia "kuvua samaki na kuokota makombe ya kwenda nayo nyumbani". Hilo ndilo limenikasirisha kuliko yote. Uvuvi ndani ya eneo tengefu ni marufuku, na matumbawe ya pwani yetu yameshateseka vya kutosha na mabomu ya wavuvi haramu. Huyu anawauzia watu kosa la jinai bila wao kujua, na wakikamatwa yeye hayupo.

Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, kabla hajaitoa. Namba yake itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha nenda polisi ukachukue RB (namba ya taarifa uliyoandikisha), na meseji zake usizifute hata moja. Wenzake mama mdogo walizifuta kwa hasira, sasa ushahidi umebaki kwenye simu mbili tu.

Jina ameshabadilisha. Juzi nimemwona kwenye grupu lingine anatangaza Bongoyo, bei ile ile, picha zile zile za nyumba za juu ya maji.