Majaribio ya soka Ujerumani kwa vijana wa Marekani: nyota tatu, na moja ni ya kamera

Naanza na nyota ili mwenye haraka asipoteze muda: tatu kati ya tano. Jina la kampuni siliandiki. Kampuni za aina hii hapa Marekani ni nyingi na zinafanana mno, kuanzia picha za kwenye tovuti mpaka maneno ya muuzaji kwenye simu, kwa hiyo nitakayoyaeleza yatakusaidia hata kama yako ni nyingine.

Huduma yenyewe ni hii: unalipa, wanakusanya vijana wa Kimarekani wanaotafuta soka la kulipwa nje, wanawapeleka Ulaya kiangazi, wanawafanyisha mazoezi na kuwapangia mechi na timu za huko huku wakirekodi video. Mwisho wanakupa tathmini ya maandishi. Sisi tulimchukulia mwanangu ile ya Ujerumani, kambi ikiwa karibu na Duisburg. Bei ilikuwa dola elfu nne na ushee, tiketi ya ndege juu yako, bima juu yako. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee hapa Irving, Texas, hizo ni zamu nyingi za usiku. Baba yake aliguna. Mjomba wake wa Houston akachangia, baba akanyamaza.

Mwanangu ni winga wa kushoto, miaka 22, kamaliza chuo na kacheza soka la chuo daraja la pili la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Mbio anazo. Sisemi kwa sababu nimemzaa.

Kwanza walichokifanya vizuri, maana kipo. Wakati waliuchagua kwa akili. Julai timu za madaraja ya chini Ujerumani zinajiandaa na msimu, makocha wanatafuta wachezaji kwelikweli, na dirisha la usajili liko wazi. Kampuni nyingine niliyoiulizia ilikuwa inapeleka vijana Machi, wakati timu zinahangaika kutoshuka daraja na hakuna kocha mwenye nafasi ya kumtazama mgeni. Ukipewa tarehe, hilo ndilo swali la kwanza: timu za huko zitakuwa zinafanya nini wiki hiyo?

Mechi zilikuwa za kweli. Wapinzani walikuwa timu za daraja la tano na la sita, na moja ya la nne. Kwa asiyejua, Ujerumani juu kuna Bundesliga, ya pili, halafu 3. Liga, daraja la nne ndiyo Regionalliga, iliyogawanywa kanda tano, na chini yake Oberliga. Usidharau ukisikia daraja la tano. Mwanangu alinipigia baada ya mechi ya kwanza: "Mama, hawa watu wanafanya kazi kiwandani mchana, jioni wananikimbiza mpaka natapika."

Na kamera. Hapa nawapa nyota nzima bila ubishi. Walirekodi mechi kutoka juu, uwanja wote unaonekana, unamwona mchezaji amesimama wapi wakati mpira uko upande wa pili. Video za chuo chake zilikuwa za kufuata mpira tu, kocha wa Ulaya hazimsaidii kitu. Hizi tumezitumia kila tulikoomba nafasi tangu hapo, na makocha wanazijibu.

Tathmini nayo haikuwa ya kubembeleza. Kocha wao mmoja, Mjerumani wa makamo, aliandika kwamba kijana ana kasi ya daraja la nne na maamuzi ya daraja la sita. Mwanangu alinuna. Mimi niliifurahia, maana kwa pesa ile nilitarajia sifa za kwenye kadi ya kuzaliwa.

Chakula niseme haraka. Hoteli asubuhi ni mkate, jibini na nyama baridi za nguruwe, jioni tambi. Tulijaza kwenye fomu kwamba anakula halali, wakamletea saladi. Bahati Duisburg ina Waturuki wengi, hasa upande wa Marxloh, akawa anaishi kwa doner, ile mikate ya nyama ya Kituruki, kwa pesa ya mfukoni. Mzazi Mwislamu, bajeti hiyo iweke pembeni mapema.

Sasa nije kwenye kilichoondoa nyota mbili: makaratasi.

Ukurasa wa kwanza wa tovuti yao una picha za Christian Pulisic na Weston McKennie, wachezaji wa timu ya taifa ya Marekani. Ujumbe ni kwamba hawa walitoka Marekani wakaenda Ujerumani wakatajirika, mwanao naye aende. Pulisic kweli ni mtoto wa Hershey, Pennsylvania, akaenda Dortmund mwaka 2015 akiwa na miaka 16, na Januari 2019 Chelsea wakamnunua kwa euro milioni 64. Ila sheria ya FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni kuhama ndani ya Ulaya ukiwa na miaka 16 hadi 18. Pulisic aliingilia mlango huo kwa sababu babu yake ni wa Croatia na yeye akapata pasipoti ya huko. Josh Sargent, mshambuliaji wa Missouri, hakuwa na babu wa namna hiyo, akasubiri mpaka siku aliyotimiza miaka 18 mwaka 2018 ndipo akasaini Werder Bremen. McKennie alikwenda Schalke akiwa mtu mzima, lakini utoto wake sehemu ameuishi Ujerumani, baba yake akiwa mwanajeshi wa anga huko. Kijerumani alianza kukisikia kabla hajawa na wakala. Haya yote kwenye tovuti hayapo. Zipo picha.

Utasema mwanangu ana miaka 22, sheria ya watoto haimhusu. Sawa. Inayomhusu ndiyo iliyotupiga.

Mwishoni mwa kambi timu moja ya Oberliga ilimtaka. Kocha alimwita pembeni, akamwambia aje mazoezini wiki inayofuata. Ofa ilikuwa euro mia kadhaa kwa mwezi, chumba cha kuishi na mwenzake, na kutafutiwa kibarua cha ghala. Nyumbani tulipiga vigelegele, dada yangu wa Tanga akapiga simu usiku wa manane. Kesho yake katibu wa klabu akauliza: pasipoti gani? Ya Marekani tu. Akasikitika.

Ujerumani haina kikomo cha wachezaji wa nje ya Ulaya kwenye Bundesliga, ndiyo maana Wamarekani wamejaa kule. Lakini mwanamichezo asiye raia wa Ulaya, ili apewe ukaazi kwa kazi ya kucheza, klabu lazima imlipe angalau nusu ya kile kiwango cha juu cha mshahara kinachokatwa mchango wa pensheni, na chama cha mchezo kithibitishe ubora wake. Kwa mwaka 2025 nusu hiyo ilikuwa euro 4,025 kwa mwezi kabla ya makato. Timu ya daraja la tano inayolipa mia kadhaa itazitoa wapi? Na kile kibarua cha ghala nacho kinataka kibali. Mmarekani anaruhusiwa kuingia bila viza na kuombea ukaazi hukohuko, hilo ni kweli na muuzaji alilisema sana kwenye simu. Kuomba unaomba. Kupewa ndiyo kazi.

Kwa hiyo angalia hesabu ilivyo. Timu ambazo kampuni inaweza kukuletea uwanjani ni za daraja la nne kushuka chini. Timu zinazoweza kumlipia Mmarekani kibali ni za juu zaidi ya hapo, na hizo haziji kutazama kambi za kulipia. Katikati pana shimo, na kampuni inaujua upana wake kwa sababu kila mwaka inapeleka vijana ukingoni. Nchi jirani si nafuu. Uholanzi mchezaji asiye wa Ulaya lazima alipwe asilimia 150 ya wastani wa mshahara wa ligi kuu yao, wa miaka 18 na 19 nusu ya hapo. Uingereza baada ya kutoka Umoja wa Ulaya wana hesabu ya pointi, na mchezaji wa daraja la pili la chuo pointi hana.

Kwenye kambi hiyohiyo kulikuwa na kipa kutoka New Jersey, kijana wa watu mwenye adabu, ana pasipoti ya Italia kwa upande wa bibi. Mwanangu anasema alifungwa mabao ya aibu. Alipata timu. Akahamishiwa ITC yake, yaani cheti cha uhamisho wa kimataifa, kutoka Marekani na Septemba alikuwa golini. Sina kinyongo naye, namwombea heri, lakini nikiwa muuzaji swali la pasipoti ningeliuliza kabla ya saizi ya jezi.

Nilipowaandikia wakanijibu kwamba wao si mawakala, ni "washauri wa maendeleo ya mchezaji". Hapo wazazi wenzangu tuelewane. Tangu kanuni mpya za 2023, wakala wa soka anatakiwa awe na leseni ya FIFA, anafanya mtihani, na jina lake unalikuta kwenye orodha ya FIFA mtandaoni bila malipo. Wakala mwenye leseni anakula asilimia ya mkataba. Kijana asipopata timu naye hana kitu, kwa hiyo kijana asiye na njia hamchukui. Mshauri anayelipwa mbele kesi yake imeishia pale kadi ilipokubali. Sisemi ni wezi. Walichoahidi kwa maandishi walikitoa chote: mazoezi, mechi, video, tathmini. Kilichosemwa kwa mdomo kwenye simu ndicho hakikuwepo.

Binti yangu mdogo, ambaye mpira anauangalia zaidi ya kaka yake, alinitolea mfano wa Naomi Girma, beki wa timu ya taifa ya wanawake ya Marekani. Wazazi wake wametoka Ethiopia, utotoni alicheza kwenye klabu ya jamii ya Wahabeshi pale San Jose, akaenda Stanford, akacheza klabu ya San Diego Wave, na Januari 2025 Chelsea wakatoa zaidi ya dola milioni moja kumchukua, mwanamke wa kwanza kufikia bei hiyo. "Mama, yeye tiketi hakujilipia," akaniambia. Mtoto wa darasa la nane huyo.

Hata hivyo njia ya tabu ipo, nisiwakatishe tamaa. Haji Wright, mshambuliaji wa Los Angeles, Ulaya alianzia Schalke, akapelekwa Sandhausen kwa mkopo, akaenda Venlo Uholanzi, akaenda kujificha SønderjyskE huko Denmark, akatokea Antalyaspor Uturuki, na Kombe la Dunia 2022 akawafunga hao hao Waholanzi. Mwaka 2023 akaenda Coventry ya Uingereza. Lakini yeye alianzia juu, hatua ya kwanza ya kibali akawa ameshaivuka.

Na kwa vijana wetu wa hapa Texas kuna Bernard Kamungo, aliyelelewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, familia ikahamia Abilene. Mwaka 2021 alikwenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ndogo ya FC Dallas, wakamchukua, na Januari 2024 akavaa jezi ya Marekani dhidi ya Slovenia. Majaribio ya wazi gharama yake hailingani hata na sanduku tulilonunua kwa safari yetu. Mwanangu kwa sasa anazunguka kwenye hayo, na video za Ujerumani mkononi.

Nani anunue huduma hii? Mwenye pasipoti ya nchi ya Ulaya, au mzazi wa kijana mwenye njia halali ya kuipata, lipeni, mtapata thamani yenu. Anayetaka video nzuri na ukweli kuhusu kiwango cha mwanawe, na pesa ipo, sawa. Chini ya miaka 18 bila pasipoti hiyo, mnakwenda kutalii. Mwenye kukopa asikope. Na kabla ya kulipa waombe kwa barua pepe majina ya wachezaji wa mwaka uliopita wenye pasipoti ya Marekani pekee ambao wamesajiliwa na kupewa kibali. Mimi nilipoomba nililetewa video ya kusisimua yenye muziki.

Nilirudi kwenye tovuti yao juzi kuhakikisha bei kabla ya kuandika. Imepanda. Fomu mpya sasa ina kisanduku cha kuuliza kama mchezaji ana pasipoti ya Ulaya. Kiko ukurasa wa mwisho, chini ya namba ya kadi.