Amplifaya ndogo za bei nafuu kwa spika za nyumbani: ipi uichukue, ipi uiache

Ukianza kutafuta amplifaya ndogo ya kuendesha spika mbili za nyumbani, kitu cha kwanza utakachooneshwa ni wati. Boksi moja limeandikwa wati 300 kila upande, jingine 600, na yapo yanayothubutu kuandika 1000, ilhali kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Usianzie hapo. Chukua adapta iliyokuja nacho, igeuze, usome maandishi madogo ya mgongoni.

Tuseme imeandikwa 32V 5A. Zidisha: wati 160. Huo ndio umeme wote utakaoingia kwenye amplifaya kwa pande zote mbili, na hakuna chipu inayotoa zaidi ya ilichopewa. Amplifaya hizi ni za daraja la D (Class D), ambazo zikifanya kazi kwa nguvu hupoteza kama sehemu moja ya kumi tu ya umeme kwa joto. Zinabaki wati 140 na ushee za kugawana kushoto na kulia. Kapasita za ndani, vile vihifadhi vidogo vya umeme, zinaweza kuchangia mpigo mmoja wa ngoma kwa sehemu ya sekunde, basi. Adapta ya 24V 4.5A ni wati 108. Adapta ya 12V 3A, inayofungashwa na vile vifaa vinavyojitangaza kwa wati mia kadhaa, ni wati 36 tu.

Volti nazo zina kazi yake: ndizo zinazoamua sauti itapanda hadi wapi kabla ya kuanza kupasuka. Chukua volti za adapta, zizidishe kwa zenyewe, kisha gawanya kwa omu za spika zilizozidishwa kwa mbili. Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, nazo huandikwa mgongoni mwake. Spika ya omu 8 ikipewa 24V haivuki wati 36. Ikipewa 32V haivuki 64. Ikipewa 48V haivuki 144. Spika ya omu 4 hupata maradufu kwenye karatasi, mradi adapta na chipu viweze kutoa mkondo wa kutosha, na mara nyingi adapta ndiyo hushindwa kwanza. Zile namba kubwa za matangazo kwa kawaida hupimwa kwa omu 4 au pungufu, kwa volti za juu kabisa, na sauti ikiwa imeshaharibika kwa asilimia 10, kiwango ambacho hakuna mtu angevumilia kukisikiliza.

Wati ngapi zinatosha?

Chache kuliko unavyodhani. Spika ya kawaida ya rafuni hutoa kama desibeli 87 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita moja mbele yake, kwa wati moja tu. Kila ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3. Wati 2 ni 90, wati 4 ni 93, wati 8 ni 96, wati 16 ni 99. Ziko spika mbili, kwa hiyo ongeza kidogo. Umekaa mbali, kwa hiyo punguza. Kiti kikiwa mita tatu hivi kutoka kwenye spika, wati 16 kila upande zinakuletea vilele vya sauti vya desibeli 90 na zaidi, ambavyo kwa chumba cha kawaida ni sauti ya kusimamisha mazungumzo. Ukitoka wati 50 kwenda 100 umeongeza desibeli 3, tofauti unayoisikia lakini haikushtui. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi.

Ndiyo maana namshauri mtu mwenye spika za desibeli 83 au 84, zile ndogo zenye besi nzuri lakini zinazokula umeme, atafute volti nyingi. Mwenye spika za desibeli 90 asihangaike na wati. Ahangaike na ukimya. Spika nyepesi hufichua kila mchirizo wa amplifaya, ile "ssss" unayoisikia usiku muziki ukiwa umesimama.

Hakikisha pia spika zako zinahitaji amplifaya. Spika yenye waya wake wa umeme wa ukutani ina amplifaya tayari ndani yake, na ukiiunganisha na kifaa hiki unaweza kuunguza kimoja au vyote viwili.

1. Fosi Audio V3

Hii ndiyo ningemnunulia mtu ambaye sijui spika zake. Ndani kuna chipu ya TPA3255 ya Texas Instruments, ambayo ndiyo imeifanya bei ya amplifaya nzuri ishuke kiasi hiki. Mwili ni wa chuma, ina swichi, ina nobu moja ya sauti, na haina makeke mengine. Haina Bluetooth, haina besi na trebo za kurekebisha. Huuzwa na adapta ya 32V au ya 48V, na hapo ndipo pa kutuliza akili. Kwa spika za omu 8 zenye desibeli 87 au zaidi, 32V inakutosha kabisa. Chukua hiyo, pesa iliyobaki weka kwenye spika. Kwa spika ngumu, zile za desibeli 83 au 84, au chumba kirefu, 48V ina maana yake.

Ina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautaji. Amplifaya za daraja la D hupitisha sauti kwenye kichujio cha koili na kapasita kabla haijafika kwenye spika, na tabia ya kichujio hicho hubadilika kulingana na omu za spika. Matokeo yake, sauti nyembamba kabisa, za matoazi na herufi "s", zinaweza kupanda kidogo kwenye spika moja na kushuka kidogo kwenye nyingine. Kwa masikio ya watu wazima ni jambo dogo, kwa sababu linatokea zaidi juu ya kilohezi 10. Hata hivyo, ndilo linaloeleza kwa nini watu wawili wenye amplifaya ileile wanabishana, mmoja akisema ina ukali, mwingine akisema imepooza. Matoleo mapya ya bei ya juu kidogo huchukua mrejesho baada ya kichujio, yaani hukagua sauti iliyokwisha kuchujwa na kuisahihisha, na tatizo hilo karibu linakwisha. Kwenye maelezo utaona herufi PFFB (post-filter feedback). Tofauti ya bei ikiwa ndogo, hizo herufi zina thamani kuliko wati 100 za ziada.

2. Aiyima A07

Chipu ni ileile, TPA3255, na kwenye muziki wa kawaida sidhani kuna atakayeitofautisha na V3 akiwa amefumba macho. Kwa kawaida ni nafuu zaidi, umaliziaji wake ni wa kawaida, na kinachoniudhi ni kwamba huuzwa na adapta za aina nyingi, na wauzaji wengine huiuza bila adapta kabisa. Soma tangazo neno kwa neno kabla ya kulipa. Ukishajumlisha bei ya adapta nzuri, ule unafuu unaweza kuyeyuka. Ukiipata na adapta yake ya 32V au 36V kwa bei ya chini ya V3, ichukue bila wasiwasi.

Hizi mbili za kwanza zina soketi zinazoruhusu kubadilisha chipu ndogo za kuingizia sauti, zile NE5532, na lipo soko zima la chipu za kubadilishia. Sikushauri. NE5532 imo ndani ya vifaa vya studio tangu miaka ya themanini na ni safi kuliko spika yoyote utakayoifunga hapa. Pesa hiyo nunulia stendi za spika, uzisogeze mbali na ukuta. Utasikia mabadiliko siku hiyohiyo.

3. SMSL AO200

Hii ni kwa mtu anayetaka kisanduku kimoja kifanye yote. Ina rimoti, Bluetooth, USB ya kuunganisha kompyuta, na jeki za XLR, zile za pini tatu. Ugavi wa umeme umo ndani, kwa hiyo unachomeka waya mmoja tu ukutani na hakuna adapta ya kuzagaa sakafuni. Chipu ni MA12070 ya Infineon, iliyobuniwa na kampuni ya Merus Audio ya Denmaki kabla Infineon haijainunua mwaka 2018. Inakula umeme kidogo sana ikiwa imetulia, na haipati joto la kusumbua.

Kikomo chake ni volti. MA12070 haivuki 26V, kwa hiyo kwa omu 8 unapata kama wati 40, usidai zaidi. Ningeiweka ya kwanza kwa ofisi ya nyumbani au chumba cha kulala, ambako kompyuta ndiyo inayopiga muziki. Sebule kubwa na spika ngumu, hapana.

4. Fosi Audio BT20A

Kwa kawaida ni ya bei ya chini kuliko nilizozitaja, na ninaiheshimu. Ina chipu ya TPA3116D2, adapta ya 24V, Bluetooth, na nobu za besi na trebo. Kelele zake za chinichini ziko juu kuliko za TPA3255, na ukiisukuma sana inapasuka mapema. Lakini kwa spika ndogo za mezani, jikoni, au kwa kijana anayeanza, inatosha, na Bluetooth yake inamwondolea gharama ya kifaa kingine. Usidanganyike ukaichomeka adapta ya 48V kwa sababu plagi imeingia. Chipu hii mwisho wake ni 26V, na ukizidisha itaungua papo hapo.

WiiM Amp si ya kundi hili kwa bei, ila mtu mwenye televisheni aifikirie. Ndani ina TPA3255, na juu yake ina Wi-Fi, HDMI ARC (jeki ya kupokea sauti ya televisheni), na programu ya simu ya kurekebisha sauti kulingana na chumba. Ukihesabu kifaa cha kupokea muziki wa mtandaoni na kibadilishi cha sauti ya televisheni ambavyo ungevinunua pembeni, bei inaanza kueleweka. Mwenye simu na waya tu abaki na V3.

Za kuachana nazo ni visanduku visivyo na jina la chipu popote, vyenye taa za kumetameta, adapta ya 12V, na wati 500 ubavuni. Muuzaji asiyeweza kutaja chipu wala volti hana anachokuuzia. Amplifaya kubwa kuukuu za daraja la AB, muundo wa zamani kuliko daraja la D, ni shauri jingine: nyingi ni imara kuliko hizi zote, zina jeki za kutosha, na wakati mwingine zina mlango wa mashine ya santuri. Zungusha nobu polepole kabla ya kununua. Ikikwaruza kidogo inasafishika. Upande mmoja ukikata na kurudi, achana nayo.

Kabla hujaunganisha

Kwenye karibu amplifaya zote za namna hii, waya mweusi wa spika si wa ardhini. Chipu inasukuma waya zote mbili, nyekundu na nyeusi. Kwa hiyo usiunganishe nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia, usizigusishe na bodi ya chuma, na usifunge kwenye jeki za spika adapta yoyote ya hedifoni. Waya mmoja uliochomoza na kugusa wa jirani unatosha kuua upande mzima. Sokota nyuzi vizuri, au tumia plagi za banana. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa chumba chochote cha kawaida. Wa bei mbaya zaidi hauongezi kitu.

Sabufa nayo ichukue sauti kwenye jeki maalumu ya SUB OUT au PRE OUT. Kama kifaa hakina na wewe una sabufa, chagua toleo lenye jeki hiyo tangu mwanzo.

Ikifika, washa bila muziki, nobu ikiwa katikati, na weka sikio karibu na spika ndogo ya juu. Mchirizo mwembamba unaopotea ukirudi nyuma hatua moja ni wa kawaida. Mkoromo mzito ni jambo jingine: chomoa waya wa RCA, ule unaoingiza sauti. Mkoromo ukinyamaza, tatizo ni kifaa kinacholeta sauti au waya wake, mara nyingi kompyuta iliyochomekwa ukutani. Ukiendelea, jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile, ampea zisizopungua, na plagi ya ukubwa uleule yenye chanya katikati. Kisha cheza wimbo kwa sauti ya chini kabisa usikilize kama kushoto na kulia zinalingana. Nobu za bei nafuu huyumba hapo mwanzoni, na zikiyumba sana una haki ya kukirudisha kifaa muda wa kurudisha ukiwa haujapita.