Uzi wa Kufuma Malindi: Vibonge vya Dukani au Sweta la Mtumba?

Malindi hakuna baridi ya kumvalisha mtu sweta, na hapo ndipo ilipo nafuu ya mfumaji. Belo la mitumba likifunguliwa, watu hugombania fulana na kaptula. Sweta nzito hubaki chini ya rundo, na muuzaji akiona zinamjazia kibanda hashikilii bei. Sweta moja la mtu mzima huwa na gramu 300 hadi 600 za uzi. Weka hesabu hiyo kichwani kabla ya kuingia dukani.

Maduka ya vifaa vya ushonaji, yale ya zipu, vifungo na lastiki, huuza akriliki, yaani uzi wa kiwandani usio wa pamba wala sufu, kwa vibonge vidogo. Kwa nguo za mtoto mchanga bado ndiyo chaguo letu: ni laini, inafulika bila wasiwasi na hukauka upesi. Kasoro iko kwenye bei. Kibonge kidogo hudanganya mkono, kwa hiyo linganisha kwa gramu 100. Tuseme kibonge cha gramu 25 ni shilingi 70: hiyo ni shilingi 280 kwa gramu 100, na bonge kubwa la gramu 100 kwa shilingi 230 ndilo rahisi, hata kama linatoa noti zaidi kwa mara moja. Kama lebo haina uzito, omba kipimwe. Angalia pia namba ya loti, yaani ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, maana rangi ileile ya loti mbili huacha mstari unaoonekana wazi nguo ikitoka juani. Ukilazimika kuchanganya, fuma mistari miwili ya bonge hili na miwili ya lile mpaka tofauti ipotee. Na wa kroshia wanunue kwa kuzidisha: kipande cha ukubwa uleule hula uzi karibu theluthi moja zaidi ya kile cha sindano mbili.

Uzi mwembamba wa pamba, ule wa vitambaa vya makochi, unataka sindano ya kroshia ya milimita 1.5 au 1.75. Nyekundu na buluu iliyokoza zijaribiwe kwanza: lowesha kipande, kibane ndani ya kitambaa cheupe, subiri kikauke. Kikiacha doa, usikiweke karibu na nyeupe. Koni za uzi wa mashine za kufuma, ukizikuta, zisikukatishe tamaa kwa ugumu wake. Uzi huo hutiwa nta au mafuta ili upite vizuri mashineni. Fua kipande cha majaribio ndipo uhesabu mishono, kwa sababu hulainika na kujaa.

Sasa mtumba, ambao tunaupa alama za juu kwa masharti. Geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo safi za kufumwa zilizounganishwa kwa mnyororo mwembamba, chukua. Ukiona ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia kingo zilizokatwa, rudisha: kitambaa kilikatwa kwa mkasi, kwa hiyo kila mstari utatoka kipande kifupi, na utabaki na kilo ya mafundo. Liache pia sweta la sufu lililoganda kwa kufuliwa maji moto. Nyuzi zimeshikana na hazifumuki. Vitundu vya viwiko si tatizo kubwa, mikono unaweza kuitupa ukabaki na mgongo na kifua.

Lebo ikiwa imekatwa, choma uzi wa urefu wa kidole, mbali na nguo. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Pamba huwaka kama karatasi.

Kufumua kuna mpangilio. Toa kola na vifungo, kisha kata uzi wa mshono kwenye ncha moja uvute. Ukikataa, jaribu ncha ya pili, kwani mnyororo hufunguka upande mmoja tu. Anza mabegani kushuka, si kwenye pindo. Sweta nyingi za mashine huanzwa chini, na ukifumua kutoka huko uzi unakwama kila mshono. Sehemu ya shingo itakupa vipande vifupi. Uzi mrefu huanza kutoka kwapani kwenda chini. Zungushia mgongo wa kiti, funga kitanzi mahali panne kwa uzi wa pamba bila kukaza, loweka dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Usisugue. Suuza, kisha tundika kivulini na chupa ndogo ya maji ining'inie chini ili mawimbi yanyooke. Wakati wa masika tundika penye upepo, la sivyo unapata harufu ya ukungu ambayo haitoki kwa kufua mara moja.

Uzi huu mara nyingi ni mwembamba. Shika nyuzi mbili au tatu pamoja mpaka unene ukubali sindano ya milimita 4. Kofia ya mtu mzima itataka gramu 80 hivi, kwa hiyo sweta la gramu 400, hata ukiondoa vipande vifupi, linatoa kofia nne na masalio ya kupambia pochi.

Wa Lamu wana gharama ya ziada, kwa kuwa mzigo unafika Mokowe kwa gari halafu unavuka kwa boti. Kwa bahati uzi ni mwepesi, na unaponunua wa kilo nzima kwa pamoja nauli haiumi. Tahadhari moja: uzi wa kudarizia kofia za kiume ni wa kazi yake. Ni mwembamba mno, na ukiufanyia kroshia ya begi utalipa zaidi kuliko begi lenyewe.

Kwa vazi la kuogelea, ambalo wateja wa ufukweni huliulizia, usitumie pamba tupu. Ikinywa maji inakuwa nzito na kulegea. Akriliki ya dukani, kwa kroshia iliyobanwa, ndiyo inayobaki na umbo.